Askari wa Darajani

Baba yangu alianzisha vita vikuu vya dunia kwenye meza ya kulia chakula, wiki moja baada ya kustaafu ualimu wa jiografia. Ilikuwa riwaya, vita vitakavyopiganwa miaka thelathini ijayo. Upande mmoja aliyapanga madola makubwa ya Kaskazini, upande wa pili ya Mashariki, na ramani akaibandika ukutani pale ilipokuwa picha ya harusi yao. Mama alinuna siku mbili, kisha akazoea. Kupiga chapa kukaniangukia mimi, maana ndiyo kazi yangu: mchana hati za watu dukani, jioni madaftari ya baba.

Nilipiga bila kusoma, kama tunavyofanya sisi wa kazi hii. Jicho linafuata mwandiko, akili iko sokoni. Kwenye daftari la tisa vidole vikasimama. Palikuwa na askari anayelinda daraja, na ili vita viishe ilibidi adui alilipue. Askari huyo alifunga kamba za viatu mafundo mawili mawili, na alikuwa na kovu kidevuni. Kovu hilo nalijua. Kaka yangu alilipata alipoporomoka kwenye ngazi za nyumba hii hii.

Kaka alijiunga na jeshi bila kuaga, na baba akaapa hatamtaja tena. Mwaka wa tatu huu hawasemezani. Baba ana kichwa kigumu, na kaka amemrithi mambo mengi, hilo likiwa la kwanza.

Tangu hapo nikasoma kila neno, ndipo nikaona ujanja wa mzee. Kila ndege ya adui ilipokaribia daraja, jambo lilizuka. Mara ukungu, mara rubani tumbo limemchafuka, mara jenerali mzima kapoteza miwani. Madaftari yakafika kumi na manane. Mchapishaji akachoka, akasema anataka mwisho wa kitabu ifikapo Ijumaa, la sivyo anaachana nacho.

Nikamshauri baba ampe yule askari likizo, daraja lianguke, sote tupumzike.

"Nimwondoe, nimweke nani?" akaniuliza. "Mtoto wa nani?"

Nikaondoa vyombo mezani.

Alhamisi jioni alinisukumia daftari, akatoka uani. Ilikuwa nusu ukurasa tu. Askari alipokea barua ya likizo, akashika njia ya kituo cha treni. Zamu yake ikachukuliwa na mwalimu mzee wa jiografia aliyejitolea mwenyewe, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande wa kushoto. Uzi huo niliufunga mimi. Saa tisa na robo ndege ikaja, na safari hii hapakuwa na ukungu.

Nililia, sifichi. Sikupiga chapa hata herufi moja. Nilimpigia kaka simu, nikamsomea kuanzia barua ya likizo hadi mwisho.

"Yupo hapo?" kaka akauliza.

"Yuko uani, anamwagilia maua yaliyolowa mvua ya asubuhi."

"Usiipige chapa kwanza. Mpe simu."

Nikatoka nayo, nikamwambia baba ni nani. Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, ndipo akaipokea.