Mama, Mkwewe na Vikombe vya Karatasi

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma hapa anisamehe nikikosea. Daftari langu la mwaka ule linasema wageni walikuja Jumanne. Mimi nakumbuka Jumatano. Nitaandika Jumanne, kwa sababu daftari halikuzeeka kama mimi.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa huku Handeni msimu mmoja kabla ya hapo. Kusema haki, tulihamishwa, lakini dereva wa lori alimshika mama yangu mkono akamketisha mbele, na hilo nalo niliandika. Kule tulikotoka mama alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya korongo. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mstari, na yake ikawa ya tatu kutoka kwetu. Taabu ikaanzia hapo, maana kwa Wazigua wa rika lake mama na mume wa binti yake hawaonani wakila, wala hawanywei chombo kimoja. Akimwona mume wangu njiani alijifunika kanga na kupinda kichakani. Mume wangu naye alipinda upande wa pili, hata kama kulikuwa na miiba.

Shamba la kijiji tulilima pamoja. Saa nne uji uliletwa kwa ndoo, na vikombe vya bati vilikuwa sita kwa watu wote. Ukimaliza, unampa mwenzako. Mama hakugomba, alisema tu, "Sina kiu, mwanangu," akaendelea kupalilia mpaka jua la utosini. Siku moja alianguka katikati ya mahindi. Tulimmwagia maji, na alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa kwamba atakwenda kukaa kwa dada yake, kijiji cha Kerenge. Dada huyo alikuwa haoni, na mama miguu ilikuwa inamvimba. Nilijua wakikaa wawili hakuna atakayemchotea mwenzake maji.

Wageni wenyewe walitokea Korogwe kuja kuangalia shamba. Walileta birika kubwa la chai na boksi la vikombe vya karatasi, vyeupe, vimepachikwa kimoja ndani ya kingine. Mwanamke mwenzetu mmoja mcheshi alikigeuza chake juu chini akamuuliza mgeni, "Ndugu, chai ikiisha na hiki nakitafuna?"

"Unakitupa, mama."

"Kizima hivi?"

"Hivyo hivyo kizima."

"Basi huko kwenu taka zenu ndiyo mali yetu!"

Tulicheka sana, na mgeni naye alicheka. Chai ilikuwa ya moto, na juu yake yalielea mafuta tukadhani ni maziwa. Siku hizi nafikiri ilikuwa nta ya kikombe, labda vilitengenezwa kwa vinywaji baridi. Sina hakika, na sitaki kumsingizia aliyevileta.

Mimi nilibaki na lile neno moja: unakitupa. Kikombe ambacho hakuna aliyekinywea kabla yako, wala atakayekinywea baada yako! Wageni walipoondoka nilimwomba katibu wa kijiji vilivyobaki, nikamweleza sababu, akanipa. Kesho yake mama alikunywa uji shambani. Alitugeuzia mgongo, akanywa taratibu, huku akiuma ukingo wa kikombe kama alivyozoea. Kerenge haikutajwa tena.

Sasa kosa langu. Mama alipomaliza alinipa kikombe nikakitupe, na sikuweza. Nimekulia nyumba ambayo hata kibuyu kikipasuka kinashonwa. Nilikisuuza kwa maji baridi, nikakianika kichanjani, na kesho yake nikampa hicho hicho. Nilijiambia ni chake mwenyewe, haidhuru. Wenzangu walipoona, wakaleta na vya kwao walivyoficha siku ya wageni, nikavisuuza vyote pamoja na kuvitia kwenye kapu moja. Hapo nilipaswa kufikiri. Sikufikiri.

Siku moja vya bati havikutosha, na mama mmoja aliyekuwa akigawa uji akachukua cha karatasi kapuni akampa mume wangu. Simlaumu, kapu nililiweka mimi. Uji wa moto ulikilegeza kitako, ukammwagikia gotini. Akapiga ukelele, akakirusha kikombe, kikaenda kuangukia miguuni pa mama. Mama akakiokota. Ukingoni kulikuwa na alama za meno: mbili, pengo, moja.

"Hiki si changu cha jana?"

"Ni chako, mama."

"Ulisema vinatupwa."

"Aliyesema ni mgeni." Nilijibu hivyo kweli, na naona aibu kuandika.

"Na mimi je? Nimenywea chake?"

Ningeweza kusema hapana. Naamini mume wangu hakuwahi kupewa cha karatasi kabla ya siku ile. Lakini si kila siku nilikuwapo. "Sijui, mama," nikasema.

Aliweka jembe begani akaondoka. Alasiri nilimkuta ameshafunga mzigo wake wa kwenda Kerenge, ameukalia mlangoni, anangoja jua lipungue.

Nilirudi kwangu nikamweleza mume wangu. Alikuwa anapaka gotini sijui dawa gani. "Mama watoto, umetuaibisha wote wawili kwa mpigo mmoja," alisema. Kisha akachagua kibuyu uani, akakipasua, akaanza kukikwangua kiwe kata ya kunywea. "Mwambie mkwe vikombe vya kijiji sivigusi tena. Nitakuja na hii yangu, na nitalima kule mwisho, kwenye kichuguu."

Nilisimama pale kama mjinga. Muda wote ule tulimhangaikia mama apate kikombe, na hakuna aliyekuwa amemwambia mume wangu aache vile vya bati. Wala mimi sikumwambia. Nadhani niliona ni mwanamume, apewe kwanza.

Nikaenda kwa katibu kuazima vile vikombe sita. Nikavipeleka mlangoni kwa mama, nikamfikishia maneno ya mkwewe, nikachuchumaa na kuvisugua kwa majivu mbele ya macho yake. Alinitazama kutoka juu ya mzigo wake. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipoweka chini cha nne, akakinyooshea kidole.

"Hicho hakijatakata," alisema. "Rudia."

Nikakirudia.