Niliuza kitabu cha Australia ukurasa kwa ukurasa, sasa naambiwa hakikuwahi kuwepo

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara akianza kuapa mnajua mshike mifuko. Lakini hii ni kweli tupu, na ndiyo maana inaniuma.

Miaka ya tisini mama yangu alikuwa akiuza njugu karanga pale Keumbu, kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, sina mbele wala nyuma, kazi yangu ni kumtafutia karatasi za kufungia.

Gazeti linapaka njugu wino. Karatasi ya kitabu ni safi na inasokoteka vizuri.

Nikasikia kuna shule Nyamira inafunga maktaba yake, na kuna katoni ya vitabu vya Australia. Vililetwa na mwalimu wa kujitolea, akarudi kwao akaviacha.

Mwenye ufunguo alikuwa Mwalimu Kemunto. Nilimkuta anavipangusa vumbi kimoja kimoja kwa leso.

"Unavipeleka wapi?"

"Tunaanzisha maktaba kanisani, Mwalimu."

"Kanisa gani?"

"Sabato." Huku kwetu Wasabato ni wengi; jibu hilo likikosea, limekosea kidogo tu.

Alikuwa Msabato. Tuliiombea ile katoni, wakuu. Macho tumefumba. Nikampa mkungu mmoja wa ndizi. Nilikuwa nimebeba miwili, wa pili nikarudi nao.

Vitabu thelathini na kimoja. Nilihesabu mara mbili.

Majalada hayasokoteki, na ukiyabandua yanatoka na kurasa za mwanzo, kwa hivyo hizo zote tuliwashia jiko. Kumbukeni hapo.

Sasa ukikaa na karatasi kutwa, macho husoma yenyewe. Kitabu kimoja kiliitwa Eleven Gates to Water. Jina la mwandishi lilikuwa juu ya kila ukurasa wa kushoto, Thora Binstead. Mjane, ukame, kondoo wanakufa, na mageti kumi na moja ya kufungua ndipo afike kwenye maji. Nasoma ukurasa, nausokota, nauuza.

"Wewe! Mteja amesimama!" mama ananiita.

"Ngoja mama, amefika geti la sita."

"Huko geti la sita wananunua njugu?"

Nilifika geti la tisa. Siku ya soko nikatumwa Kisii mjini, kurudi nikakuta mama amemaliza zilizobaki. Biashara ilikuwa nzuri sana siku hiyo.

Ruka mpaka mwaka jana. Binti yangu akanionyesha ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Nikakuta kuna kikundi cha wanaojitolea kuorodhesha waandishi wa Australia na vitabu vyao. Maelfu ya majina. Nikamtafuta Thora. Hayupo. Nikatafuta tena. Hayupo.

Nikamwandikia ukurasa wake. Jioni nne, kwa kidole kimoja. Kitu cha kwanza maishani kufanya bila kuuliza nitapata nini.

Siku ya tatu likabandikwa tangazo juu yake: utafutwa baada ya siku saba, usipopata source, yaani chanzo cha kuthibitisha.

Nani alichapisha? Mwaka gani? Nikajibu hayo yalikuwa kwenye kurasa za mwanzo, na hizo ziliwasha jiko. Mmoja akaandika kwamba hii ni hoax, mtu amejitungia mwandishi. Nikasema nilikisoma kwa macho yangu. Akajibu kwamba kumbukumbu yangu si source.

Mama mmoja wa huko Australia, mkutubi, ndiye pekee aliyenitetea. Alipekua maktaba zote alizoweza, akatoka patupu. Akasema labda zilichapwa nakala chache tu, mjini kwao huyo Thora. "Nitafutie hata ukurasa mmoja," akaniandikia.

Siku ya tano ya lile tangazo nikaenda Nyamira. Mwalimu Kemunto sasa anatembea na mkongojo, lakini alinijua nikiwa bado getini.

"Ondieki. Nilidhani umekuja kunialika kwenye maktaba."

Nikamwambia ukweli wote.

"Vyote?"

"Vyote, Mwalimu."

"Hata kile cha yule mama wa kondoo?"

Moyo ukaruka. "Ulikisoma? Uliandika mahali? Mchapishaji, mwaka, chochote?"

"Niliandika vyote kwenye daftari. Nikakuwekea ndani ya katoni, kwa sababu maktaba bila orodha ni stoo tu."

Wakuu, lile daftari nalikumbuka. Karatasi zake zilikuwa laini, mama alizipenda.

Nikauliza swali nililokuwa nalo tangu ujana: "Mwalimu, yule mjane alifika kwenye maji?"

Akainuka polepole, akashika mlango.

"Ungesoma."

Siku ya saba ukurasa ukafutwa. Siwalaumu, hata mimi singenunua mali bila kuiona. Duniani tuko watu wawili tunaojua kwamba Thora Binstead aliandika kitabu hicho, na mmoja hataki kuongea na mimi.

Nilichojifunza: kitu ulichokipata kwa uongo, siku utakapokisemea ukweli hutapata wa kukuamini.

Karibuni mchangie, matusi pia napokea. Ila kama wewe au nyanya yako mlinunua njugu Keumbu miaka hiyo, tafadhali angalieni ndani ya Biblia za zamani, chini ya magodoro, kwenye masanduku. Ukurasa wowote wenye jina lake juu. Hata kama una mafuta. Hata nusu.