Mwaka wa Mianguo Mitatu

Mama yangu alikuwa akienda Makka kwa nazi. Maishani mwake hakupata kuvuka Dar es Salaam, lakini kila mwaka baada ya Maulidi, kaka yake akishamkabidhi fungu lake la faida, aliniambia akiba yake imemfikisha wapi. Mwaka wa kwanza alisema, "Nimefika Tanga." Wa pili akafika Mombasa. Wa tatu akafika Lamu, na siku hiyo alipika wali wa nazi mbili kwa furaha ya kufika mbali.

"Lamu kuna joto, mama?" nilimuuliza.

"Sijashuka melini," alijibu. "Nimeona misikiti tu, kwa mbali."

Fungu lake lilikuwa katika shirika la minazi. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, alikusanya watu saba, kila mmoja akatoa alichojaliwa, wakakodi shamba upande wa Kerege. Yeye ndiye aliyelisimamia. Kila baada ya miezi mitatu wakwezi walipanda kuangua nazi, zikafuliwa makumbi, zikauzwa, na faida ikawekwa. Maulidi ikipita, iligawanywa kwa mafungu.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita vya pili. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nikikaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Nilikuwa nimehitimu chuo cha dini, nasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Mama alihifadhi sura nyingi kichwani, lakini mambo ya daftari hakuyajua, akanitegemea mimi.

Mwaka wa nne fungu lilipungua robo nzima. Mjomba alilileta mwenyewe, akaketi barazani na daftari lake mapajani.

"Mbona jepesi, kaka?" mama aliuliza.

"Ndilo lililopatikana toka Maulidi hadi Maulidi."

"Na zilizoko mtini?"

"Zilizoko mtini bado si zetu, dada. Sitakugawia maneno."

Ndivyo alivyokuwa. Aliogopa kumwahidi mtu kitu ambacho hakijafika mkononi, na hofu yake ilikuwa ya dini.

Siku ya pili yake akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Yeye alikuwa na duka Kiwangwa, nalo pia la shirika: wenzake walitoa mtaji, yeye akatoa jasho. Mwaka wake aliuhesabu Januari hadi Desemba, kwa sababu matajiri aliochukua bidhaa kwao walihesabu hivyo. Mwaka ule Maulidi iliangukia karibu na Januari, kwa hiyo hesabu zote mbili zilifungwa kwa wakati mmoja, tukaziona kama ndugu.

"Shemeji," alisema akicheka, "minazi ya kaka yako imezeeka kama mwenyewe. Ukiitikisa inakohoa."

"Na duka lako wewe linakimbia?"

"Kwa duka langu, saa hizi ungekuwa Adeni unanunua ubani!"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Lakini alipokwisha kucheka alitulia. Alikuwa ameanza kuumwa magoti, na alijua kwamba tawafu na sa'yi, kuizunguka nyumba tukufu na kwenda na kurudi baina ya vilima viwili, zinataka miguu. Aliazima madaftari yote mawili, akayaweka mkekani mbele yangu.

"Wewe uliyesoma, niambie. Lipi litanifikisha?"

Nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari hili, na ukurasa wa mwisho wa lile. Nikalinganisha.

"Duka, mama. Limeshinda karibu mara mbili."

Sikufunua nyuma. Laiti ningefunua, ningeona kuwa miaka miwili ya kwanza duka lile lilikuwa likichechemea, na kwamba neema yote ilikuja mwaka mmoja tu, wafanyakazi wa barabara walipopiga kambi karibu na kununua unga na sukari kila siku. Ukurasa mmoja kwa ukurasa mmoja. Ndiyo elimu niliyompa mama yangu.

Alipokwenda kulitoa fungu lake ili alitie dukani, mjomba hakumbishia. Alisema, "Heri, dada. Mungu akufikishe," akampatia mtu mwingine nafasi ile.

Kambi ya barabara ikahama. Mwaka uliofuata mama alikaa Lamu. Uliofuata tena aliniambia, "Nimerudi Mombasa, mwanangu. Wanasema meli ina tundu." Baba mdogo hakumlia hata senti, alikuja na daftari lake akalia kama mtoto. Mama alijua kwamba katika shirika la namna ile hasara humfuata mwenye mtaji, hakumlaumu. Alimkaribisha chai.

Miaka mitatu baadaye mchwa walianza kulila daftari la mjomba, akaniomba nimnakilie jipya. Nikawa naandika kila mwanguo na tarehe yake, kwa mwezi wa Kiislamu. Nilipofika mwaka ule wa nne nikahesabu mianguo mitatu. Nikahesabu tena. Miaka mingine yote ilikuwa na minne. Nikatazama tarehe: mwanguo mmoja ulifanyika siku nne kabla ya Maulidi iliyoufungua mwaka, ukaingia mwaka wa nyuma. Mwingine ulifanyika siku tano baada ya Maulidi iliyoufunga, ukaingia mwaka wa mbele.

Nikaweka kalamu chini. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, nayo minazi haiandami mwezi. Minazi haikuwa imechoka. Ilizaa vilevile kama siku zote. Ni mwaka tu uliokuwa mfupi, na mimi niliufananisha na mwaka mrefu wa mtu mwingine.

Nilimkuta mama akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote.

"Kwa minazi, sasa ningekuwa wapi?" aliuliza.

Nilihesabu kwa vidole. "Jidda ungeiona, mama."

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Kisha vikaendelea.

"Usimwambie shemeji yangu," alisema. "Atakonda bure. Na wewe usijiapize. Nilikutuma usome, ukasoma."

Alifariki mwaka wa pili yake, akiwa bado Mombasa.

Mimi Mungu alinijalia uzeeni, kwa mkono wa wanangu. Hija yangu mwenyewe niliitimiza kwanza, kama sheria itakavyo. Miaka kadhaa baadaye nilirudi na mwanangu mkubwa, safari hiyo kwa niaba ya mama. Ndege ilipita juu ya mawingu, hatukuona pwani. Nilikaa dirishani nikizitaja polepole: Tanga, Mombasa, Lamu. Hapo nikangoja kidogo, nikimpa nafasi ya kushuka. Kisha Mogadishu. Kisha Adeni.

Msichana anayehudumia abiria aliinama. "Shikamoo, bibi. Unahitaji kitu?"

"Marahaba, mwanangu," nilimwambia. "Sihitaji kitu. Namsindikiza mama."

Alitazama kiti cha pili, akamwona mwanangu amesinzia, akatabasamu, akapita.