Mlipa Chai wa Mbale

Yekosofati hakuwa mtu wa kutisha. Ungemkuta Jinja mwaka ule wa 1954, kwenye kazi ya bwawa, ungeona nyapara mmoja wa makamo, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, akiita majina ya vibarua asubuhi kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya. Alipanga chumba kimoja Mafubira. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, na Jumapili alikwenda kanisani akasinzia hadi wimbo wa mwisho. Majirani walimwita mpole, na kweli alikuwa mpole. Watu hudhani mambo mazito hufanywa na watu wakali, wakati mara nyingi hufanywa na watu waliochoka ambao hawakujua namna ya kukataa.

Ujana wake aliumalizia upande wa pili wa mlima wa Masaba, nchini Kenya, kwenye mashamba ya Wazungu huko Kitale. Miaka kumi na mmoja alivuna mahindi pamoja na vibarua Wakikuyu, akala nao, akagombana nao, na akaijua lugha yao hata akawa anaota kwa lugha hiyo. Aliporudi Uganda alimwacha huko mdogo wake, Erisa, mpishi wa familia moja ya Kizungu. Erisa alikuwa na maringo ya wapishi. Kila alipokuja likizo aliukosoa ugali wa mama yao, na mama akacheka mpaka machozi.

Januari mwaka ule, watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na Wazungu wa Kenya, waliingia katika nyumba ile saa ya chakula cha jioni. Waliua bwana na bibi, wakaua watoto wao wawili, wakamuua na Erisa, ambaye aproni yake ilikuwa bado kiunoni. Gazeti lilitaja majina manne. Erisa akapata maneno matatu tu: na mpishi wao. Yekosofati alisomewa habari ile na karani wa kazini, akamwomba airudie, kisha akamwomba tena, akidhani pengine jina limerukwa. Halikurukwa. Hasira iliyomshika siku ile ilikuwa ya haki, na hilo lisemwe waziwazi kabla ya mengine.

Mwezi uliofuata akaja Sajini Makokha, Msamia mmoja mnene, askari aliyevaa kiraia.

"Wewe najua lugha ya hawa watu wa Kenya?" akauliza.

"Najua, afande."

"Basi twende. Bwana nataka kuona wewe."

Nyumba waliyokwenda ilikuwa karibu na ziwa, haina kibao wala bendera. Ndani alikaa Mzungu mwenye miwani minene, akazungumza polepole kama mwalimu. Alisema wauaji walikuwa na wasaidizi huku Uganda, watu waliowaficha, waliowalisha, waliowachangia. Kuwapeleka mahakamani hakutafaa. Mashahidi hukimbia, mawakili huuliza maswali, na serikali ya huku haitaki kusikika ikifanya jambo la namna hii. Kwa hiyo hakutakuwa na kesi wala gazeti. Wataondoka tu.

"Walimuua ndugu yangu," alisema Yekosofati.

"Ndiyo maana tumekuita wewe," akajibu Mzungu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ukiitazama kwa juu. Makokha angemtajia mtu. Yekosofati angemtafuta, amsalimie kwa lugha ya kwao, wazoeane siku mbili tatu, hadi awe na hakika kuwa ndiye. Siku ya nne angemkaribisha chai hotelini, meza ya karibu na mlango. Angemsogezea kikombe, angeinuka kwenda kulipa, kisha angetoka zake. Watu wawili ndani ya gari la kijivu upande wa pili wa barabara wangejua: aliyebaki na kikombe mezani ndiye. Yekosofati alijiwekea sharti moja ambalo hakuna aliyemwambia aliweke. Akishaondoka mezani, hageuki nyuma.

Kufikia Mei alikuwa amelipia chai watu wanne. Wa kwanza alikuwa mchuuzi wa samaki pale Masese, mtu wa utani mwingi, aliyempa sato wawili siku ileile asubuhi. Yekosofati aliwakaanga, akashindwa kuwala. Hakuuliza wale watu wanne walipelekwa wapi. Alitegemea kwamba baada ya mtu wa kwanza Erisa atapumzika kifuani mwake. Baada ya wa pili akategemea wa tatu. Baada ya wa nne hakutegemea kitu, alienda kwa sababu aliitwa. Alikuwa amechoka hata kukasirika kulimshinda.

Juni, Makokha akamtajia fundi viatu wa Mbale, Mkikuyu aitwaye Gathitu, aliyekaa na kigoda chake karibu na kituo cha mabasi.

"Mbale ni kwetu, afande," alisema Yekosofati. "Kule watu nanijua."

"Ndiyo vizuri. Nani tashuku wewe kwenu?"

Sasa, kuna jambo ambalo Makokha hakulijua, maana kwao Usamia hakuna jando, na Mzungu hakulijua kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kwa Wagisu, kabila la Yekosofati, wanaume waliosimama chini ya kisu mwaka mmoja ni rika, na rika si urafiki wa kawaida. Mwenzako wa rika akikuta chakula chako, anakula bila kuomba. Akipenda kofia yako anaivua kichwani mwako, nawe unacheka. Ukikasirika umejiaibisha, na wazee watakutoza mbuzi. Yekosofati alitahiriwa mwaka wa nzige. Aliyesimama kushoto kwake asubuhi ile, uso umepakwa unga, hakupepesa jicho, alikuwa Wamboga wa Nakaloke.

Wamboga alibaki nyumbani, akaoa mwanamke aitwaye Jovia, akafuga ng'ombe. Kila siku alifunga madebe ya maziwa kwenye baiskeli na kuyapeleka mjini Mbale. Mteja wake mkubwa alikuwa Vallabh, Mhindi mwenye hoteli ya chai, na mkewe Ansuya ndiye aliyepokea maziwa jikoni kupitia mlango wa nyuma. Hoteli hiyohiyo ndiyo Yekosofati aliyoichagua, kwa kuwa meza yake ya mlangoni ilionekana vizuri kutoka barabarani. Maziwa yalifika asubuhi siku zote. Yeye alipanga chai saa tisa alasiri.

Siku hiyo baiskeli ya Wamboga ilipasuka gurudumu njiani, akachelewa.

Gathitu alikuja akifuta mikono yake yenye gundi. Walizungumza habari za mvua. Kikombe kikaja, Yekosofati akakisogeza mbele ya mgeni wake, akainuka, akaenda kulipa. Akiwa bado anampa Vallabh fedha mkononi alisikia nyuma yake kicheko kikubwa cha kukohoakohoa, na alikijua. Hakuna mwingine Mbale nzima aliyecheka hivyo. Akasema moyoni, huyu Wamboga, nitamwona Jumamosi. Akatoka mlangoni, akapinda kulia, akaenda kupanda basi la Jinja. Hakugeuka.

Jumamosi aliporudi Mbale, alikuta baiskeli ya Wamboga imeegemea ukuta wa nyuma wa hoteli, madebe yakiwa yameanza kunuka.

"Wewe rafiki yake, sema, yeye iko wapi?" Vallabh alimuuliza akiwa amekunja uso. "Ile siku yeye naingia toka jikoni, naona meza yako. Nauliza ile fundi, hii chai ya nani? Fundi nasema, ya huyu nyapara, yeye nalipa. Wamboga nacheka sana, nasema kama ni ya Yekosofati basi ni yangu. Nakaa, nakunywa. Fundi pia nacheka, nakwenda nyuma kunawa mikono. Halafu watu wawili naingia, nashika Wamboga huku na huku. Yeye nasema, mimi ni Mgisu, mimi naleta maziwa! Hapana sikia. Naweka ndani ya gari."

"Na fundi?"

"Fundi naona, nakimbia. Hapana rudi."

Yekosofati alikimbilia kituo cha mabasi. Aliiacha baiskeli pale pale, akapanda basi kurudi Jinja na kumfuata Makokha hadi nyumbani kwake. Akamwambia wamekosea, yule si fundi, ni mwenzake wa jando, amrudishe leo hii. Makokha alimsikiliza hadi mwisho. "Ngoja," akasema. "Mimi tauliza Bwana." Akamwambia ngoja wiki ile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata.

Huku nyuma Jovia, aliyeambiwa na Vallabh kwamba mumewe alishikwa akinywa chai hotelini, alituma watu wamwite Yekosofati. Nani atakayemsaidia kama si Yekosofati, mwenzi wa rika wa mumewe, anayejua Kiswahili cha maaskari na anayefanya kazi na wakubwa wa Jinja? Ikawa kila mwisho wa wiki anapanda basi, wanakutana mjini, wanatembea. Walikwenda polisi, wakaambiwa waje kesho. Walikwenda jela, hospitali, barazani kwa chifu. Jovia aliingia kwanza, akasema jina la mumewe na umri wake na kovu la paja. Yekosofati alitafsiri. Kila mahali karani alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akalifunga. Jovia alimshukuru karani, kisha akamshukuru Yekosofati kwa kupoteza siku yake ya kupumzika. Shukrani ile ilimuumiza kuliko tusi. Alimnunulia mahindi ya kuchoma njiani, naye Jovia akamkatia nusu.

"Umekonda, shemeji," Jovia alimwambia siku moja. "Usijiue kwa ajili yetu."

Agosti vijana wakaanza kucheza ngoma za jando vijijini, maana ulikuwa mwaka wa kutahiri. Njia zote zilijaa njuga na vumbi. Rika la nzige likaulizana, Wamboga yuko wapi, mwaka kama huu hawezi kukosa. Wengine, wasiojua yaliyompata, walimtania mkewe kwamba labda amepata mke Tororo. Jovia alicheka nao kwa adabu, kisha akaingia ndani.

Novemba Yekosofati alikwenda kwa Makokha kumwambia hafanyi tena kazi ile, wamfunge wakitaka. Makokha alikuwa ameketi kizingitini, viatu amevua, miguu imevimba. Naye alionekana amechoka.

"Usitafute yule mtu," alisema bila kumtazama. "Yeye nakufa siku ileile. Hapana fika hata mpaka wa Kenya. Napiga kelele sana kwamba yeye Mgisu. Wote nasema hivyo, mimi si mtu wa huko, mimi si mtu wa huko. Sisi tajuaje?" Akajikuna mguu. "Wewe nalipa chai, mimi nabeba mtu. Na lile neno la fundi kuficha wauaji, Bwana nasema sasa lilikuwa la uongo. Kuna mtu nagombana na yeye kwa viatu, ndiyo natunga uongo."

Yekosofati aliondoka. Alitembea kwa miguu hadi Mafubira, akakaa kitandani bila kuvua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akamlilia Erisa, kwa sababu sasa hata kulia kwa ajili ya Erisa kulikuwa kumechafuliwa.

Jumamosi alikwenda Nakaloke. Alikusudia kuaga tu, aseme kazi imemzidi, hataweza kuja tena. Jovia alikuwa uani akipepeta maharage. Alimpa kigoda, akaendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Shemeji, nimekungoja nikuulize neno moja," alisema. "Mama mkwe hanyoi nywele, halii, hali vizuri. Anasema hawezi kumlilia mtu ambaye labda yuko hai. Ndugu za mume wangu wanataka tuzike shina la mgomba badala ya mwili wake, tumalize. Mimi nimekataa. Nimewaambia Yekosofati ndiye rika yake, ndiye anayezunguka kwa wakubwa. Akisema amekufa, nitalia. Akisema yu hai, nitangoja hata miaka kumi." Akamtazama. "Basi sema."

Angeweza kusema sijui. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, na lingemfaa yeye vizuri sana. Lakini aliona miaka kumi ikipita juu ya uso wa yule mwanamke, akifungua geti kila baiskeli ikilia njiani, na akaona hana nguvu tena za kubeba hilo.

"Amekufa," alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha. Chai ile ilikuwa ya mtu mwingine, mimi nililipia ili akamatwe. Wamboga akainywa, kwa kuwa ilikuwa yangu. Nilisikia akicheka nyuma yangu. Ningegeuka ningemwokoa. Sikugeuka."

Alimweleza yote, tangu gazeti hadi miguu ya Makokha iliyovimba. Alipomaliza, Jovia aliweka mikono juu ya kichwa akalia, kilio kirefu cha msiba, kile kinachosikika kilima kwa kilima, na mara nyumba za jirani zikaanza kuitikia. Watu wakaonekana kwenye njia wakikimbia.

Yekosofati akainuka aondoke. Jovia akamshika mkono wa shati, bila nguvu nyingi.

"Kaa," alisema. "Watakuja kuniuliza amekufaje. Mimi sitaweza kusema maneno hayo. Utawaambia wewe, mmoja mmoja."

Akakaa. Wa kwanza kufika, akipumua kwa shida na fimbo yake mkononi, alikuwa mama yake Wamboga.