Kumi na Mbili ya Mwaisha

Semeni binti Abeid wa Mkuyuni ni mbishi, na asiyelijua hilo hajawahi kununua ndizi kwake. Ukimwambia mkungu huu mdogo, atakuuliza mdogo kuliko upi, uko wapi, ulete tuulinganishe. Watu wa Mkuyuni wamemzoea. Wa mjini ndio walikuwa hawajamjua, na Jumamosi moja walimjua.

Ubishi wenyewe haukuanza jana. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Mwaisha, kwenye nyumba ya udongo huko mlimani juu ya Mkuyuni, ukindu umeanikwa kila mahali mpaka kuku wanakosa pa kupita. Mwaisha hakuwahi kushika kalamu maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka, na mikeka yake ilijulikana. Ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe kuwa mkeka, yeye aliutia maua mawili: ukingo huu ua la jicho, ukingo ule nyayo za kuku. Jicho linarudi kila baada ya mikunjo sita, nyayo kila baada ya mikunjo minne. Sasa ukate ukili mahali pasipo pake, uone! Ukija kushona, maua hayatazamani, mkeka unakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili. Lazima ukate pale maua yote mawili yanapoanza upya kwa pamoja. Lakini ni wapi?

"Sita mara nne, ishirini na nne!" alisema Semeni siku moja, ana miaka tisa, katoka shule na kichwa kimejaa jedwali la kuzidisha.

Mwaisha alicheka mpaka akaweka ukili chini. "Hee, mjukuu wangu! Kitu kiko hapo jirani Bigwa, wewe unakifuata mbali huko Dumila?"

Akamwaga maharage sakafuni. Akapanga mafungu ya sita sita, chini yake mafungu ya nne nne, na safu zile mbili zikaishia sawa kwenye kumi na mbili. Ishirini na nne nako yanakutana, alisema, lakini umeshapitiliza na ukindu wako umeupoteza. Kisha akapanga mafungu ya tano na ya saba. Hayo yakagoma kukutana mpaka thelathini na tano.

"Tano na saba hawana undugu," alisema Mwaisha, "lazima watembee safari nzima. Sita na nne wana ndugu yao mmoja, mbili, anawafupishia njia."

"Nani alikufundisha, bibi?"

"Anifundishe nani? Niliharibu mikeka mitatu, nikakaa chini nikafikiri."

Alipofika darasa la sita, mwalimu aliandika ubaoni: tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 4. Wenzake wakainamia madaftari. Semeni akaandika 12, akaweka kalamu chini. Mwalimu akampa sifuri nyekundu.

"Njia iko wapi? Umeibia kwa nani?"

"Njia anayo bibi yangu."

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akala fimbo nne. Kulia hakulia. Jioni alimwapia Mwaisha kwamba iko siku jina lake litatajwa mbele ya walimu, wakubwa kuliko yule. Mwaisha akamwambia apeleke kuku bandani kwanza. Miaka michache baadaye akafariki, na kiapo kikabaki shingoni mwa Semeni.

Miaka arobaini na kitu ikapita. Mwaka jana akaja kijana wa chuo, Abel, mwenyeji wa Mbeya, mpole, na simu ya kurekodi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mihogo."

Siku mbili alikaa barazani, anakula, anauliza, anapiga picha. Semeni alimweleza yote bila kuficha. Akamwonyesha mkeka wa tano na saba, akamwonyesha na wa sita na nne, alioushona mwenyewe kwa kuufuata wa bibi yake uliokuja kuliwa na mchwa baadaye. "Andika jina," alimwambia, "Mwaisha." Akamwona kwa macho yake anaandika. Basi akampa ule wa sita na nne auchukue, ukaonyeshwe mjini kwenye maonyesho ya waasisi wa sayansi na hesabu duniani.

Siku ya maonyesho alivaa khanga mpya, akateremka Morogoro. Ukumbi ulikuwa umejaa picha kubwa kubwa, kila moja na kadi yake. Semeni alisoma zote, polepole, midomo ikicheza. Al-Khwarizmi, mtu wa Khwarazmi, aliyeandika kitabu cha aljebra kule Baghdadi. Mpaka leo anaitwa kwa jina la kwao. Brahmagupta wa India, aliyeandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Ahmesi wa Misri ya kale, mwandishi aliyenakili hesabu za watu waliomtangulia, akaweka jina lake. Alifurahi, wallahi. Akawa anasogea kwa haraka sasa, maana mkeka wake aliuona unaning'inia katikati ya ukuta wa mbele.

Kadi ya mkeka ilisema: *Mkeka wa asili. Msusi: mwanamke wa Kiluguru. Wanawake hawa husuka kwa mazoea, wakizidisha idadi ya mikunjo pasipo kujua kanuni iliyomo.*

Akaisoma tena. Fimbo zote nne zikamrudia mgongoni.

"Abel! Njoo hapa."

Abel akaja, akaona uso ule, akaanza kujikuna shingo. "Mama, nafasi kwenye kadi ilikuwa ndogo..."

"Mwaisha ni herufi saba. Mwanamke wa Kiluguru ni herufi kumi na nane. Nafasi ilikuwa ndogo kwa nani?"

Watu wakageuka. Madamu Glory, mratibu wa maonyesho, akaja mbiombio, viatu vya visigino vikilia sakafuni. "Mama yangu, mgeni rasmi yuko njiani. Mwakani tutarekebisha."

"Mwakani nani kakuahidi utakuwepo?"

"Basi tuelewane. Hawa wengine wana ushahidi wa maandishi. Bibi yako hakuandika."

"Na huyu?" Semeni akanyoosha kidole kwa Ahmesi. "Nyinyi wenyewe mmeandika hapo kwamba alinakili! Waliowaza hesabu hizo ni wengine, majina yao hayapo, yeye kwa kunakili tu kawekwa ukutani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

Akavuta kiti, akapanda, akaufungua mkeka kwenye misumari, akashuka, akaanza kuukunja.

"Mama, mkeka huo ndio kitovu cha maonyesho!" Sauti ya Madamu Glory ilipanda. "Mgeni rasmi atatazama nini?"

"Atazame misumari."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Semeni hakucheka. Alimgeukia Abel. "Mwanangu, ulikula mihogo yangu siku mbili. Sema mbele za watu. Sita na nne, bibi yangu alikata wapi?"

Abel alitazama sakafu. "Kumi na mbili."

"Na umeandika tunazidisha!"

"Nilipoandika kadi niliufikiria ule wa tano na saba peke yake, mama. Nikadhani yote ni hivyo. Nimekosea." Alisema kwa sauti ya kusikika, tumpe haki yake na yeye. Kisha akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akachana kadi, akageuza kipande cheupe na kuandika: *Semeni Abeid.*

Semeni akamnyang'anya kalamu. "Siyo mimi. Mimi ni Ahmesi hapa, nimenakili tu."

Akalikata jina lake mwenyewe kwa mstari mmoja. Nje honi zilishaanza kulia, Madamu Glory anatazama mlangoni, anatazama kadi, hajui akimbilie wapi. Semeni hakuharakishwa. Aliandika kwa herufi kubwa za darasa la saba, MWAISHA WA MKUYUNI. Chini yake akaandika: *Njia.* Akaipanga safari ya kwanza, 6, 12. Akaipanga ya pili, 4, 8, 12. Akazizungushia duara kumi na mbili zote mbili.

"Mama, umechafua kadi," alilalamika Madamu Glory.

"Haijachafuka. Jibu lina njia yake."

Akapanda tena kwenye kiti, akautundika mkeka mwenyewe, akabandika kadi. Ndipo akashuka, akainama, na kwenye kona ya chini ya kadi akaandika kwa herufi ndogo: *imenakiliwa na mjukuu wake.*