Vifungo vya Upande wa Kike

Fundi mwenzangu tunamwita Mama Geuza, maana nguo haisifu mpaka aigeuze aone mshono wa ndani. Habari za siasa nazo anazigeuza vivyo hivyo. Ukimletea video ya mgombea anayetukana, atakuuliza nani kaituma, lini, na mbona sauti haifuati midomo. Kwenye kundi letu la mafundi kwenye simu, watu arobaini, hakuna anayesambaza kitu kabla yeye hajasema. Mimi ninayeketi kwenye cherehani cha pili nilishazoea kumwachia akili zangu, na hilo leo linaniudhi.

Wiki ya mwisho ya kampeni ikaingia picha. Mdogo wake wa kiume Mama Geuza, anayegombea udiwani, kaketi mezani anacheka na yule tajiri anayetaka kuvunja banda letu ajenge maghorofa. Tajiri mwenyewe ndiye aliyeshika simu, mkono kaunyoosha. Na siku moja tu kabla, mdogo mtu alituapia mbele ya vyerehani vyetu kwamba huyo tajiri hata kumsalimia hajawahi. Lisemwalo lipo, akanong'ona mpiga pasi.

Mama Geuza akaikuza picha, akacheka.

"Tazameni shati. Vifungo viko upande wa kike. Mashati yake yote nashona mimi, sijawahi kumkosea mwanaume vifungo. Hii imetengenezwa."

Akaandika hivyo kwenye kundi. Watu wakashusha pumzi, wakamsema vibaya aliyeileta hadi akajitoa. Mimi nikabaki na shaka. Habari ya mtu baki huigeuza mara tatu; hii kaigeuza mara moja akaridhika. Mkuki kwa nguruwe, nikajisemea moyoni. Kumwambia niliogopa.

Kesho yake mteja alijaribu gauni lake, akajipiga picha, akatuonyesha. Mfuko tulioushona kushoto, pichani ulionekana uko kulia. Mteja akasema simu yake ndivyo ilivyo, ukijipiga mwenyewe inageuza kama kioo.

Mama Geuza akaweka mkasi chini. Akaifungua ile picha ya mdogo wake, akaisogeza mbele ya kioo cha wateja. Vifungo vikarudi upande wa kiume. Akaikuza hadi kifungo cha pili, na hapo hata mimi niliona: kilishonewa uzi wa kahawia. Jumatatu ya wiki ile ile uzi mweupe ulimwishia, akakikaza kwa ule wa kahawia huku akisema hakuna atakayeona. Kwa hiyo picha haikuwa ya kutengenezwa, wala ya zamani.

"Ni mdogo wako," nikamwambia, kumpima tu.

Akaandika kwenye kundi: "Nilikosea. Picha ni ya kweli. Uzi wa kifungo cha pili ni wangu." Akaomba aliyejitoa arudishwe. Simu ikaanza kuita, mdogo wake, akaiacha iite hadi ikanyamaza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jana ulinishuku?" akaniuliza.

"Nilikushuku, dada."

"Sasa mbona uliniacha?"