Mkono wa Rispa

Sheria za Tuzo ya Roma, mashindano ya wachoraji, zilikuwa nyingi, na Zelie Cauchois hakuweza kusoma hata moja. Lakini ilikuwepo moja aliyoijua kama alivyolijua jina lake mwenyewe: anayeshindania tuzo awe kapera, na awe hajatimiza miaka thelathini. Aliyemwambia ni Anselme Ridoux, mwaka ule walipoanza kukaa pamoja katika chumba cha juu kabisa, chini ya bati, mtaa wa nyuma ya Shule ya Sanaa alikosoma.

"Si kwamba sitaki," Anselme alisema. "Ningekuoa kesho. Ila nikikuoa kesho, keshokutwa wananifuta jina."

"Na ukishinda?"

"Nikishinda nakwenda Roma kusoma kwa gharama za serikali, halafu narudi na jina kubwa. Nisiposhinda mpaka nikafika thelathini, basi, nimekuwa mtu kama watu wengine. Tutakwenda kwa meya tukaandikishwe. Kwa vyovyote vile, Zelie, wewe hupotezi kitu."

Alimwamini. Alikuwa msichana bado, ametoka mashamba ya kitani kule Picardy kuja Paris kupiga pasi kola katika duka la shangazi yake, na hapo ndipo Anselme alipoleta shati lililoingia rangi ya mafuta. Rangi haikutoka. Anselme hakuondoka pia.

Zelie aliibeba ile nyumba. Asubuhi alinunua mkate mmoja. Sehemu laini ya katikati Anselme aliichukua Shuleni, kwa sababu wanafunzi walifutia makaa ya kuchorea kwa mkate, na Zelie akabaki na ganda. Alilitafuna njiani akienda dukani. Mchana kutwa alisimama karibu na jiko la makaa ambako pasi zilipangwa kuzunguka chuma chekundu, akainua moja, akaisogeza karibu na shavu kupima moto, akakandamiza kola yenye wanga, akairudisha, akainua nyingine. Kazi hiyo huanza kwa kula kiganja, halafu kiwiko, halafu hupanda begani na kukaa huko.

Shule nayo ilikuwa inamla Anselme kwa namna yake. Mwanzo alichora sanamu za chokaa, pua na masikio ya watu waliokufa zamani. Baadaye wakamruhusu kuchora watu hai. Bwana mwalimu alipita mara chache kwa wiki, akasimama nyuma ya kila kigoda, akasema maneno mawili na kwenda zake. Anselme aliyaleta yale maneno mawili nyumbani kama mtu aliyeleta nyama. "Leo kaniambia, 'Goti zito.' Unafikiri alimaanisha nini?" Na Zelie, miguu imemvimba, alilifikiria goti.

Walipata mtoto, Odile. Kilio cha mtoto katika chumba kimoja hakimwachi mtu kuchora, kwa hiyo Odile alipelekwa shamba kwa mnyonyeshaji, kama wafanyavyo wengi. Mwenye mkokoteni aliyempeleka ndiye aliyeleta habari, majira ya baridi hayajaisha, kwamba amezikwa. Anselme alisikitika. Wiki ile alikuwa na mtihani wa kuchora mifupa, akafaulu.

Miaka ikaenda. Kila mwaka Anselme aliingia mashindano, na kila mwaka alikatwa mapema. Mpaka ukafika mwaka wa mwisho ambao umri wake ungemruhusu, na safari hiyo akawa miongoni mwa kumi waliobaki.

Kumi hao hufungiwa, kila mmoja kwenye kijichumba chake, na mlinzi mwenye funguo hupekua mifuko wakiingia na wakitoka. Siku ya kwanza husomewa kisa, na kabla jua halijazama kila mmoja awe ameshachora rasimu. Rasimu inapigwa mhuri na kuwekwa kabatini. Kuanzia hapo picha kubwa lazima iifuate. Anayehamisha mtu, anayegeuza kichwa, anayebadili alichokwisha kuahidi kwenye rasimu ile, anatolewa. Mtaani kwao hata muuza kahawa alilijua hilo.

Jioni ya siku ile ya kwanza Anselme alirudi na rafiki yake Prosper Guenot, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa ameshakatwa katika mchujo, na ambaye kila penye supu alikuwepo.

"Tumepewa Rispa," Anselme alisema.

"Rispa, suria wa mfalme Sauli," Prosper alidakia. "Wamekuhurumia, ndugu yangu. Wenzako itabidi wakodi suria. Wewe wa kwako huyo hapo anamenya viazi."

"Funga mdomo, Prosper."

"Nimesema uongo? Shemeji, nimesema uongo?"

"Umesema na tumbo tupu," Zelie alimjibu. "Kula kwanza, labda utasema la maana."

"Na usimwite shemeji," Anselme alisema. "Watu wa Shule wakisikia."

Zelie alitaka kisa chenyewe. Anselme akamweleza, kwamba wana wa Rispa walitundikwa pamoja na wengine kwa kosa la baba yao, na mama akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa na maiti tangu mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Baba yao yuko wapi?"

"Amekwisha kufa."

"Ana bahati," Zelie alisema, akaendelea kumenya.

Katika rasimu Rispa alikuwa amesimama, mkono wa kulia uko juu na fimbo, anawapiga ndege, uso ameuelekeza mbinguni. Anselme alimkodi mwanamke wa Kiitalia asimame achorwe, akamwona mzuri mno, mwenye kushiba. Akamtaka Zelie. Zelie aliomba ruhusa dukani, shangazi akanuna, naye akaenda hivyo hivyo.

Mlinzi alipekua kikapu chake, akakibonyeza kitambaa cha mkate, akamfungulia. Ndani palikuwa padogo, picha ilikaribia kujaza ukuta. Anselme alimpa fimbo na kumwambia ainue mkono. Zelie akainua. Bega lile la pasi halikukaa. Anselme akaufunga mkono kwa kamba iliyoning'inia darini, na hivyo wakaenda siku kadhaa, lakini kamba iliivuta misuli vibaya na Anselme akaifungua.

"Jitahidi," alisema. "Na uso huo. Uso wako unawaza mashati."

"Unauma, Anselme."

"Wacha uume. Mwanamke huyu amefiwa." Alirudi nyuma, akafinya macho. "Mfikirie Odile."

Tangu habari ile ya mkokoteni hakuwahi kulitaja jina hilo. Zelie hakulia. Mkono tu ndio ulioshuka. Ulishuka wenyewe, ukaning'inia, fimbo ikagusa sakafu, na kichwa kikainama upande ule, kama mtu anayewaangalia ndege wanakuja na hana tena cha kuwafanya.

Anselme alichukua kitambaa.

"Usisogee," alisema. "Baki hivyo hivyo."

Alianza kufuta. Zelie alisikia kitambaa kinavyosugua turubai ya picha.

"Kwenye rasimu mkono uko juu," alisema.

"Najua ulipo."

"Watakutoa."

"Wapo waliobadili pazia, wapo waliogeuza kidole, wakasamehewa. Wakiuona huu watanyamaza wote. Wewe tulia, usiongee, shingo inacheza."

Angeweza kuuinua. Hilo alilijua baadaye na alilijua hata pale pale, maana maumivu yalikuwa yamepoa. Alisimama akiwaza kwamba wakimtoa mtu huyu, miezi michache ijayo atakuwa mume wa mtu. Aliwaza pia kwamba amekwisha kumwonya, na kwamba miaka yote hii Anselme ndiye anayemwambia yeye atulie, ainue, ageuke. Akatulia kama alivyoambiwa.

Picha zilipowekwa ukumbini watu walifika wengi. Zelie alivaa kofia ya shangazi, akapita picha tisa, kila moja na Rispa wake mwenye mkono juu, warembo wote, hakuna aliyekosa usingizi hata usiku mmoja. Ya Anselme ilikuwa mwisho, karibu na mlango. Chini yake palibandikwa karatasi.

"Samahani, mama," alimwambia mwanamke mmoja mwenye mwavuli. "Pale pameandikwa nini?"

"Nje ya mashindano." Yule mwanamke hakuacha kuitazama picha. "Inasikitisha. Nimepita zote hizo, hii ndiyo imenifanya nitake kurudi nyumbani niwaone watoto." Akageuka amtazame Zelie vizuri, akaangalia tena picha, akaona haya, akaondoka.

Prosper alikuwepo pia. "Ndiyo picha bora ya mwaka, shemeji," alisema taratibu, bila mzaha. "Na kwa wazee wale wanaotoa tuzo ni sawa na kipande cha gunia." Tuzo ilikwenda kwa kijana wa Lyon.

Anselme alikaa wiki kadhaa kitandani, uso ukutani. Zelie alipiga pasi. Majira ya vuli Anselme akatimiza thelathini, na siku hiyo Zelie alipika sungura kwa divai, akatandika meza kwa shuka safi. Alingoja ale. Alingoja amalize. Anselme akapangusa kisu kwa mkate, akakiweka.

"Umetimiza thelathini," Zelie alisema.

"Najua."

"Sheria yao haikushiki tena."

Anselme alizungusha uma mezani. "Ulijua unachokifanya," alisema.

"Kitu gani?"

"Mkono. Ulijua ukishuka natoka. Siku hii uliitaka wewe."

"Mimi nilikuambia watakutoa. Nilikuambia kwa mdomo wangu huu."

"Baada ya kuushusha."

"Ulinitajia mwanangu, Anselme."

"Mwanetu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Odile hivyo, na alimwita ili ashinde mabishano. Zelie aliondoa sahani. Alisubiri nyuma yake paje neno jingine, lolote, hata la hasira, maana hasira huisha. Halikuja. Baada ya Siku ya Watakatifu Wote Anselme alisema anakwenda kwao Vendome kupumzika kidogo kwa mama yake, atarudi hewa ikibadilika. Alichukua begi dogo. Zelie alimfungia nusu ya mkate, ganda pamoja na sehemu yake laini, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kufuta.

Barua hakuandika. Angeandika, Zelie angemwendea Bi Tafforeau, mlinzi wa lango la nyumba, amsomee, na kila asubuhi Bi Tafforeau alimwona anavyopunguza mwendo mbele ya dirisha lake na kumwambia, "Hamna, binti yangu. Pita."

Kwaresima ilipokaribia, Bi Tafforeau alipanda ngazi zote mwenyewe, anahema, na nyuma yake mama mmoja wa makamo aliyevaa nguo nyeusi nzuri. Alikuwa mama yake Anselme. Alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akaondoa macho haraka.

"Wewe ndiye mpiga pasi?"

Zelie alimtazama Bi Tafforeau. Bi Tafforeau alitazama ngazi.

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Mwanangu anakusifu sana. Anasema Paris nzima hakuna kola kama zako." Aliongea kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli, hakujua lolote, au aliamua zamani kwamba hajui. "Nimekuja kuchukua vitu vyake. Amepata kazi ya kufundisha kuchora kwa masista, na baada ya Pasaka anaoa. Binti wa mpima ardhi, mtoto mwenye adabu."

"Na hii?" Zelie alisema.

Picha ya Rispa, iliyorudishwa kutoka ukumbini, ilikuwa imeegemea ukuta, imeziba nusu ya dirisha. Yule mama aliitazama, akamtazama Zelie, akaitazama tena. Uso wake ulibadilika kidogo na ukarudi.

"Hiyo hakuitaja," alisema. "Mashati haya lakini, mazuri haya, yanyooshe kwa ajili ya harusi. Nitamtuma mtu Jumamosi."

Aliposhuka, Bi Tafforeau alibaki nyuma. "Yachome," alisema. "Mungu anisamehe. Weka pasi juu ya kifua, hesabu pole pole, uyachome."

"Halafu shangazi anifukuze dukani, nile nini?"

"Hata moja tu."

"Hapana, mama."

Aliyapeleka dukani kesho yake. Mpiga pasi mwenzake alimuuliza ya nani, akasema ya mteja. Alipiga wanga, akakunja, akakandamiza ncha za kola mpaka zikang'aa kama kaure. Bega lilimuuma na akaendelea. Jumamosi akaja mtu mwenye kikapu, akayapokea, akasema yamependeza.

Chumba kilikuwa kimeandikishwa kwa jina la Anselme. Mwenye nyumba alitaka mpangaji mwenye jina kwenye karatasi, na Zelie hakuwa na karatasi yoyote iliyosema alikuwa nani mle ndani. Alihamia nyuma ya duka la shangazi, kwenye kitanda cha kukunja, kati ya vikapu vya nguo za watu. Turubai haikupita mlango wa kule. Aliiacha ilipokuwa. Wiki iliyofuata alisikia kwa Bi Tafforeau kwamba mpangaji mpya, naye mwanafunzi wa Shule, ameifurahia sana: turubai kubwa, ya kitani kizuri, ameshaipaka rangi nyeupe juu hadi chini, tayari kuchorea yake.